SOMO LA KIKUNDI: KANSA YA MLANGO WA KIZAZI INAWEZA KUZUIWA



Katika masomo yaliyopita tumesoma juu ya mbuzi wa maziwa, akiba ya mbegu na namna ya kuandika daftari la mweka hazina. Somo la leo linahusu mwili, tena sehemu ya mwili ambayo wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni tusiitaje mbele ya watu. Nimeombwa na vikundi vitatu niliandike. Katika vikundi vyote vitatu ombi lilikuja baada ya mazishi.

Ugonjwa wenyewe ni kansa ya mlango wa kizazi. Wengine husema saratani ya shingo ya kizazi. Ni kitu kimoja. Mlango wa kizazi ni ile sehemu nyembamba iliyo chini ya mfuko wa uzazi, mahali mtoto anapopitia akizaliwa. Hapa Kenya ni kansa ya pili kwa kupata wanawake wengi, baada ya ile ya matiti, lakini kwa kuua wanawake ndiyo ya kwanza. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wanawake zaidi ya 5,000 walioipata katika mwaka huo mmoja, na zaidi ya 3,000 waliokufa kwa ajili yake. Ukigawanya kwa siku, ni wanane au tisa kila siku. Wengi wao si vikongwe. Ni wamama wenye watoto shuleni, wale wale wanaobeba kikundi mgongoni.

Na bado, kati ya kansa zote, hii ni mojawapo ya zile rahisi zaidi kuzuia. Hilo ndilo neno ninalotaka libaki kichwani mwako hata ukisahau mengine.

Inaanzaje?

Nimesikia mengi: ati ni kurogwa, ati ni laana ya ukoo, ati ni mwanamke asiyejua usafi. Hapana. Sababu inajulikana. Ni virusi vinavyoitwa HPV. Mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyevigundua ndani ya kansa hii katika miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Virusi hivi ni vya aina nyingi sana. Nyingine huleta chunjua tu mikononi. Aina chache ndizo hatari, hasa zile zilizopewa namba 16 na 18. Hizo mbili peke yake husababisha karibu kansa 7 katika kila 10 za mlango wa kizazi. Huambukizwa kwa kujamiiana, na hata kwa kugusana ngozi kwa ngozi sehemu za siri. Ndiyo maana kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, kwa sababu litazuia vita vingi nyumbani. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, hukutana na virusi hivi wakati fulani maishani, hata mtu aliyekuwa na mwenzi mmoja tu. Kwa wengi wao mwili wenyewe huvifukuza katika mwaka mmoja au miwili, bila dawa, bila mtu kujua. Shida ni kwa wale wachache ambao virusi vinakataa kutoka.

Sisi wa Ukambani tunajua korongo. Korongo halianzi na mvua ya jana. Linaanza na kijia cha maji chenye upana wa kidole, katikati ya shamba, na mwenye shamba akipita anakiruka tu. Mwaka wa kwanza unaweza kukiziba kwa jembe na mawe mawili. Mwaka wa kumi unahitaji mwethya mzima, na pengine hata hivyo mvua inakushinda. Virusi vikibaki katika mlango wa kizazi hufanya hivyo hivyo. Ngozi ya pale huanza kubadilika polepole. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 tangu maambukizi mpaka kansa yenyewe. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na virusi vya UKIMWI bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Katika miaka hiyo yote mama haumwi. Anachimba mitaro, anabeba maji, anasuka kiondo, anaimba kwaya. Kwa hiyo yule anayesema, "Siumwi, niende hospitali kufanya nini?" ndiye hasa anayetakiwa kwenda, maana huo ndio wakati wa jembe na mawe mawili.

Dalili zikishatokea, mara nyingi korongo limekwisha kuwa pana. Nazo ni hizi: kutokwa na damu baada ya kukutana na mume, damu katikati ya mwezi, damu kurudi kwa mama aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya usioisha, maumivu ya kiuno na tumbo la chini. Dalili moja kati ya hizi si lazima iwe kansa. Lakini mwenye dalili asingoje siku ya kambi ya upimaji wala zamu yake ya kikundi. Aende kesho.

Mama mmoja ninayemjua alianza kutokwa na damu miaka mitatu baada ya kukoma hedhi. Alidhani ujana unarudi, akacheka na wenzake. Alipokwenda kwenye kituo cha afya aliandikiwa vidonge vya maambukizi bila hata kulazwa kitandani aangaliwe. Akaenda mara ya pili, vidonge tena. Mara ya tatu akakutana na muuguzi mwingine aliyemwangalia, lakini miezi kumi ilikuwa imepita. Ukiandikiwa dawa kwa dalili hizi bila kuangaliwa, una haki ya kusema kwa heshima, "Daktari, naomba niangaliwe mlango wa kizazi." Si ukosefu wa adabu. Jifunzeni sentensi hiyo kikundini, kila mmoja aitamke kwa sauti, kwa sababu mdomo ambao haujawahi kuisema hautaisema mbele ya daktari.

Kansa ikishakomaa matibabu yapo, nayo ni upasuaji, mionzi na dawa za kansa. Lakini mashine za mionzi haziko katika kila kaunti, na kutoka kwetu wengi hulazimika kufika Nairobi. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa, kisha kipande cha shamba. Harambee ya kuchangia mionzi nimehudhuria, ya jeneza pia. Ya kuchangia nauli ya kwenda kupimwa sijawahi kualikwa.

Kupimwa kukoje?

Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapoogopa, na mtu huogopa zaidi kitu ambacho hajaelezwa.

Kipimo kinachopatikana kwa wingi katika vituo vyetu ni kile cha siki. Ndiyo, siki, ya jamii ile ile ya jikoni, ila ya hospitali imepimwa nguvu yake. Unaingia chumbani na muuguzi. Unavua nguo ya chini na kujifunika leso (beba leso yako, usitegemee shuka la kituo). Unalala kitandani, magoti juu. Muuguzi anaingiza taratibu kifaa chenye umbo kama mdomo wa bata ili aweze kuona ndani kwa taa. Ni cha baridi na kinabana kidogo. Ukikaza mwili kitauma. Ukivuta pumzi na kujilegeza kitapita. Kisha anapaka siki kwa pamba, anangoja kama dakika moja, anaangalia. Ngozi iliyo nzima haibadiliki. Mahali penye mabadiliko panageuka peupe. Basi. Kazi yote ni kama dakika kumi, na jibu unalipata kabla hujavaa viatu.

Doa jeupe si kansa. Narudia: doa jeupe si kansa. Mara nyingi ni kile kijia cha maji. Hutibiwa kwa kugandishwa na baridi kali au kwa kuchomwa na joto la kifaa kidogo, na katika vituo vingine hufanywa siku hiyo hiyo. Hakuna kulazwa, na kizazi hakitolewi. Baadaye mama hutokwa na majimaji kwa wiki chache, na hilo ni la kawaida. Akiona homa, harufu mbaya au damu nyingi arudi kituoni. Kama doa ni kubwa atatumwa hospitali ya juu zaidi. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi: mama anapewa barua, anaiweka chini ya godoro, na anawaambia wenzake kwamba alipimwa. Ni kweli alipimwa, lakini hakutibiwa.

Kuna kipimo kingine kinachotafuta virusi vyenyewe. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hiki ndicho kitangulie pale kinapopatikana. Huchukuliwa kwa kijiti chenye brashi laini, na mahali pengine mama hupewa kijiti hicho ajichukulie mwenyewe nyuma ya pazia, jambo ambalo wamama wenye haya hulifurahia sana. Ila jibu lake hungojewa. Usiondoke kabla ya kujua utalipata lini na kwa njia gani, na uache namba ya simu unayoishika wewe, si ya jirani.

Nani apimwe? Mkazo hapa Kenya ni wanawake wa miaka 25 hadi 49, walioolewa na wasioolewa, waliozaa na wasiozaa. Aliyevuka 50 bila kupimwa hata mara moja naye aende aulize. Ukikutwa uko sawa, muuguzi atakupa tarehe ya kurudi baada ya miaka kadhaa, kulingana na kipimo ulichofanyiwa. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari mara sita zaidi ya wengine, kwa hiyo yeye huanza mapema na hurudi mapema. Kwa vile tayari ana kliniki yake ya dawa, aulize huko huko, asingoje kuulizwa.

Usiende ukiwa katika hedhi. Usijioshe ndani kwa sabuni au dawa kabla ya kwenda (hata siku nyingine, kwa kweli, si vizuri). Ikiwa muuguzi aliyepo ni mwanamume na wewe huwezi, sema utarudi siku ambayo dada yuko, na uulize ni siku gani. Afadhali kurudi Alhamisi kuliko kutorudi kabisa.

Sehemu hii wanaume waisikie

Ninaomba katibu asome sehemu hii siku ambayo wazee wapo. Kama kikundi ni cha wamama peke yao, kila mmoja aende nayo nyumbani.

Mama akitibiwa doa, ataambiwa asikutane na mumewe kwa muda wa wiki nne au zaidi, ili kidonda kipone. Nimekutana na wamama waliorudi nyumbani na maagizo hayo na hayakuheshimiwa hata wiki moja. Wengine walikataa matibabu palepale kituoni kwa sababu walijua watakayoyakuta nyumbani. Mzee, kama unaweza kungoja ndama akue miaka miwili kabla ya kumuuza, wiki nne si kitu. Na mama asiachiwe kazi ya kukueleza peke yake. Ukiweza, fuatana naye kituoni ukamsikie muuguzi kwa masikio yako.

Kuna swali ambalo wanaume huuliza mara wakisikia kwamba ugonjwa unatokana na kujamiiana: "Sasa nani aliuleta nyumbani?" Jibu ni kwamba hakuna daktari anayeweza kukuambia. Virusi hivi hukaa kimya miaka mingi. Vinaweza kuwa vimetoka kwako kabla hujaoa, au kwake kabla hajaolewa, wakati wote wawili mlikuwa vijana. Havina tarehe wala jina la mtu. Kumfukuza mke kwa sababu ya doa jeupe ni kuhukumu kesi isiyo na shahidi.

Tena mwanamume naye hubeba virusi hivi bila dalili, na vinaweza kumletea kansa ya uume, ya njia ya haja kubwa au ya koo. Uvutaji wa sigara humwongezea mwanamke hatari ya kansa hii. Kwa hiyo jambo hili si la wamama peke yao, ingawa kaburi mara nyingi ni lao.

Chanjo ya wasichana

Kupima ni kwa sisi wakubwa. Kwa mabinti zetu kuna njia ya kuzuia virusi visiingie kabisa, nayo ni chanjo. Hupewa wasichana wa miaka 10 hadi 14, bila malipo, katika zahanati za serikali na nyingi za kanisa. Si dawa ya kansa, na haiondoi virusi vilivyokwisha ingia. Ndiyo sababu hutolewa mapema, kama vile tunavyomchanja mtoto polio kabla hajakutana na polio. Ndani yake hamna virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Mkono huuma, wengine hupata kizunguzungu au joto kidogo, na ndiyo maana msichana huambiwa akae chini kama dakika 15 kabla ya kuondoka.

Rwanda walianza nchi nzima mwaka 2011. Sisi tulianza nchi nzima Oktoba 2019, uzinduzi ukifanyika Mombasa. Kisha Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na wasichana wengi waliopata sindano ya kwanza hawakuipata ya pili. Wazazi wa hao wasikate tamaa. Utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu, Thika, Nairobi na Kisumu, kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha mwaka 2022 kwamba sindano moja peke yake ilizuia zile aina 16 na 18 kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa kufuatiliwa. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana wenye afya. Msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI huhitaji zaidi ya moja. Peleka kadi ya mtoto kwa muuguzi, yeye ataangalia ratiba iliyopo na kukuambia kama kuna kinachobaki.

Sasa tuje kwenye maneno yanayosemwa barazani na nje ya kanisa baada ya Misa.

La kwanza ni kwamba chanjo inafunga uzazi. Hofu hii ina historia. Wengi mnakumbuka mwaka 2014, maaskofu wetu walipohoji kampeni ya chanjo ya pepopunda. Ile ilikuwa chanjo nyingine, na kuuliza maswali si kosa. Lakini kwa chanjo ya HPV sisi wa Kitui hatuna haja ya kutafuta jibu mbali. Kabla ya nchi nzima kuanza, majaribio ya utoaji wake yalifanywa hapa Kitui kuanzia mwaka 2013, kwa wasichana wa darasa la nne. Leo hao ni wanawake wa miaka ishirini na kitu. Tazama kijijini kwako: kuna walioolewa, na kuna wanaobeba watoto mgongoni. Waulize mama zao walichanjwa au la.

La pili ni zito zaidi kwetu sisi Wakatoliki. Mwaka 2019 chama cha madaktari Wakatoliki hapa nchini kilipinga chanjo hii hadharani. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba msichana anayejitunza haihitaji. Nawaheshimu, na fundisho la usafi wa moyo na mwili silipunguzi hata kidogo, ninalifundisha vijana. Lakini hapa sikubaliani nao. Msichana anaweza kujitunza mpaka siku ya ndoa yake, akaolewa na kijana ambaye hakujitunza, au aliyetubu zamani na virusi bado anavyo. Toba huondoa dhambi, haiondoi virusi. Kuna pia wasichana wetu wanaonajisiwa, na tuseme ukweli, mara nyingi na watu wanaojulikana nyumbani. Huyo mtoto alikosa nini hata aachwe bila kinga? Wala utafiti haujaonyesha kwamba wasichana waliochanjwa huanza mapenzi mapema kuliko wengine. Mtoto wa miaka kumi anaona sindano tu. Mafundisho ya maisha anayapata kwako.

Kwa anayeuliza kama inafanya kazi kweli: mwaka 2024 watafiti wa Scotland walitangaza kwamba kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13, tangu chanjo ianze huko mwaka 2008, hawakupata hata mmoja mwenye kansa hii. Hata hivyo aliyechanjwa leo bado atapimwa akikua, kwa sababu chanjo haizuii kila aina ya virusi.

Kikundi kifanye nini?

Nimeona kikundi kimoja cha kusuka viondo kikilifanya jambo hili kama mzunguko wa pesa, na nimelipenda kuliko kambi kubwa zenye hema na vipaza sauti. Kila mwezi wamama wawili wana zamu. Siku wanayopokea pesa ya mzunguko ndiyo wiki wanayokwenda kupimwa, na nauli ya boda boda inakatwa kwanza kabla hawajakabidhiwa zinazobaki. Wanakwenda pamoja, mmoja akingoja nje na leso ya mwenzake. Hakuna anayeulizwa nyumbani kwa nini ameamua kupimwa, maana jibu lipo tayari: "Baba watoto, ni zamu yangu ya kikundi." Mtu mmoja akienda peke yake watu husema ana kitu. Wote wakienda kwa zamu hakuna cha kusema.

Kabla ya kuanza, tumeni wajumbe wawili kwenye kituo cha karibu wakaulize mambo haya: upimaji ni siku gani, unatozwa kiasi gani, na doa likionekana hutibiwa pale au mtu anatumwa wapi. Swali la mwisho ndilo kubwa. Kupima watu arobaini mahali pasipo na matibabu wala njia ya matibabu ni kuwatisha bure. Wahudumu wa afya ya jamii, wale wenye mikoba wanaopita nyumba kwa nyumba tangu 2023, huwa wanajua mengi ya haya. Na kila mwanachama ahakikishe amejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla ugonjwa haujabisha. Kujiandikisha ukiwa tayari kitandani ni taabu tupu.

Katika daftari andikeni jina, tarehe aliyokwenda na tarehe ya kurudi. Majibu yasiandikwe. Jibu ni la mama mwenyewe na muuguzi wake. Kama kuna mwanachama ambaye ulimi wake haujui kulala, mwenyekiti azungumze naye kando mapema, kwa sababu siri moja ikitoka nje wengine wote watakataa zamu zao, na hamtawalaumu.

Tengeni pia kiasi kidogo katika akiba kwa ajili ya yule atakayepewa barua ya kwenda hospitali kubwa. Asiende peke yake. Mpeni mtu wa kumsindikiza, anayejua kusoma vibao na kuuliza, na nauli ya wote wawili itoke kikundini kama mkopo usio na riba, au kama msaada, mtakavyokubaliana. Barua ile isilale chini ya godoro.

Maswali ya kuzungumza

Katika kikundi chetu, ni wangapi wamewahi kupimwa? (Msiinue mikono. Kila mmoja aweke punje moja ndani ya kibuyu: hindi kama amepimwa, haragwe kama bado. Kisha mwageni na kuhesabu.)

Ni kitu gani hasa kinachotuzuia: pesa, haya, mume, umbali, au namna tulivyopokelewa mara ya mwisho? Lipi kati ya hayo kikundi kinaweza kuliondoa mwezi huu?

Wasichana wa miaka 10 hadi 14 katika nyumba zetu ni wangapi, na kadi zao ziko wapi?

Nani atakuwa na zamu ya kwanza, na atakwenda siku gani?